Ziwa la Nyasi na Ukuta Mkaidi

Orodha siwapi. Nimeanza na hilo ili asiwepo wa kuniambia baadaye kwamba nilimzungusha. Wiki iliyopita Achieng' wa Oyugis, ambaye ndiyo kwanza ameanza kazi hii ya kuongoza wageni, alinitumia ujumbe: "Mama Bhoke, tusaidie na adjectives za tourism. Ata hamsini tu. Sisi tutacram." Nikamjibu kwamba mimi nilishapewa orodha ya maneno arobaini ya namna hiyo, ya kusifia vivutio, nikaikariri yote, na ndiyo iliyonipotezea kazi. Akanirudishia vile vikaragosi vya kucheka. Alidhani natania, kumbe sikuwa natania hata kidogo.

Mimi ni Mkuria wa Isebania. Nimeongoza wageni Homa Bay na Migori miaka ishirini na sita, na sasa nimestaafu kwa sababu magoti yameamua hivyo. Ulimi wangu hauna L. Kikuria kilinilea na R, na R imenitosha maishani. Mtu akijitambulisha kwangu kwa jina la Lilian, ananiacha akiwa Ririan. Ziwa kwa Kiingereza ni "lake", lakini kwangu ni "rake", na wageni wangu walizoea. Nasema haya mapema kwa sababu najua mnanicheka kwenye lile kundi lenu la WhatsApp la waongozaji vijana. Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho.

Niliingia loji moja ya Homa Bay kama msaidizi wa jikoni, si kama mwongozaji. Siku moja mhudumu wa meza aliugua, nikatumwa kupeleka chakula. Mgeni akaniuliza kuku yukoje. Nilichukua "tamu" ya Kiswahili nikaitafsiri vile ilivyokuja, nikamwambia: "Our chicken is very sweet." Mzee wa watu akausukuma ule mchuzi mpaka ukingo wa meza. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, akaamini tumempikia kuku kwa sukari. Alikula ugali na sukuma wiki tu, na mimi nikaitwa ofisini.

Mpishi wetu ndiye aliyenionea huruma, akanipeleka kwa Mwalimu Akinyi. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na alikuwa na kibanda cha vitabu vya mitumba sokoni. Nilidhani atanipa kitabu. Alinitazama juu ya miwani, akauliza, "Nyar Kuria, leo umeona nini?"

"Nyar Kuria" ni binti wa Kuria, na hilo ndilo jina aliloniita mpaka alipofariki. Nikamjibu kwamba nimeona ziwa zuri.

"Zuri ni nini? Ata viazi ni zuri. Rudi uangalie."

Nilirudi gatini nikaangalia. Nikamletea kwamba ziwa ni kubwa. Akanirudisha. Nikamletea kwamba lina maji mengi, akaniuliza kama nilitarajia lina uji. Mara ya nne nilikuwa na hasira, nikasimama pale mpaka miguu ikauma, kisha nikaja nikamwambia kwamba maji ya karibu na gati yana rangi ya chai ya maziwa, mbele kidogo yanageuka kijani, na pale upepo unapopita yanasimama nywele.

"Yawa!" akasema. "Sasa hiyo ya nywele nitakupatia Kiingereza yake." Akanipa "ruffled", akacheka sana kwa sababu alijua L inaningoja mle ndani.

Hiyo ndiyo njia yake, na ndiyo njia yangu. Kwanza unakitazama kitu. Halafu unakisema kwa lugha ya mama yako, kwa sababu humo hujui kudanganya. Halafu Kiswahili, ili uone kama kinavuka. Kiingereza kinakuja mwisho, kama chumvi. Mwalimu alinigawia daftari kurasa tano: jicho, sikio, pua, ulimi, ngozi. Ukurasa wa jicho ulijaa kwa wiki moja. Ukurasa wa pua ulikaa mweupe mwezi mzima mpaka nikaanza kutembea sokoni nimefumba macho, nikigongana na watu na kutukanwa. Nawaambia siri ya kazi: mgeni amekuja na kamera ya kumwangalizia, lakini pua yake haijui ianzie wapi. Mwongoze pua. Mwambie moshi huu ni wa samaki, na hii harufu kali ni ya omena, dagaa wa ziwa hili, walioanikwa jana wakanyeshewa. Hatakusahau.

Na jambo jingine, msiseme mapema. Mkifika mahali, nyamazeni. Mimi huhesabu hadi ishirini kimoyomoyo. Vijana wa siku hizi mnafungua mdomo kabla mgeni hajashuka kwenye gari, mnamjaza maneno mpaka hana nafasi ya kuona.

Nilipopandishwa kuwa mwongozaji, mwenzangu kwenye boti alikuwa Odhiambo, nahodha, Mjaluo wa pale pale Homa Bay. Kama mimi nina ugomvi na L, yeye alikuwa na ugomvi na "sh". Siku yake ya kwanza kukaribisha wageni kwenye ufuo wa mchanga alitaka kusema "sandy shore". Ikatoka "sandy sore", yaani kidonda chenye mchanga. Mama mmoja mgeni aliinama kumwangalia miguu, akamuuliza kama amekiosha.

Tukapatana. Maneno magumu ya L ni yake, maneno ya "sh" ni yangu. Nikiwa mbele ya boti naeleza, nikifika pagumu namtupia jicho, naye analirusha kutoka nyuma kwenye injini. Naanza mimi, "This morning the water is..." naye anaguruma, "Glassy!" Maana yake maji yametulia yakawa kama kioo. Wageni walidhani ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Tulifanya hivyo miaka mingi bila mtu kugundua kwamba ni watu wawili wanaoazimana ulimi.

Halafu akaja meneja mpya. Sitamtaja jina, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mtu mwenye hofu hupenda orodha. Alikuja na kadi ngumu iliyofunikwa plastiki, yenye maneno arobaini ya kuelezea vivutio, akatugawia kila mmoja ya kwake na kamba ya kuning'iniza shingoni. Maji ni "crystal-clear", yaani maangavu mpaka chini. Mandhari ni "breathtaking", ya kukata pumzi. Kila kitu ni "unspoilt", yaani hakijaharibiwa. Ziwa asubuhi ni "glassy", lipende lisipende. Na kule kwenye kuta za mawe za Thimlich Ohinga, upande wa Migori, tuseme "primitive".

Niliipeleka kadi kwa Mwalimu Akinyi. Aliisoma akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. "Hii ni kazi ya mtu hajawai fika," akasema. "Crystal-clear, Homa Bay? Si angekuja anawe uso kwanza." Alipofika kwenye "primitive" alikaa.

Nikamwambia meneja ametueleza kwamba maana yake ni ya zamani tu.

"Nyar Kuria, kuna ancient, na hiyo ndiyo zamani. Hii nyingine ni zamani pamoja na ujinga. Makanisa ya mawe ya hao wageni wako ni ya zamani pia. Waulize wanaitaje. Yao ni ancient, yetu ni primitive. Ukisema hilo neno, umesema aliyejenga hakuwa na akili." Akanirudishia kadi. "Mimi sikwambii ufanye nini. Una mtoto shuleni."

Alisema kweli. Kazi ile ndiyo iliyomlisha mama yangu kule Isebania na kumsomesha binti yangu Nyangi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa naijua njaa kwa jina. Kwa hiyo nilikariri maneno yote arobaini. Sikuwa shujaa. Niliomba tu neno lile lisinifikie.

Likanifikia mwezi huohuo. Walikuja mawakala wawili kutoka ng'ambo, mama mwenye mvi na kijana mwenye daftari, kuamua kama watakuwa wanaleta makundi ya watalii kwetu. Meneja alitupanga mstari. "Siku mbili," akasema. "Leo boti, kesho Thimlich. Nataka kusikia kadi. Mtu akileta yake, ajipange na kazi ingine."

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limefunikwa na magugu maji. Upepo wa usiku ulikuwa umeyasukuma yote kwenye ghuba yetu, na kutoka gatini mpaka mbali ulikuwa ukiona majani tu, na ndege wanatembea juu yake. Hatukuenda hata mita mia mbili, propela ikajisokota ndani ya mizizi. Odhiambo akainama nyuma na panga, kichwa chini, anakata. Nami mbele nilikuwa nimeshaanza: "This morning the rake is..."

Nikamtupia jicho. Nikaona makalio yake tu.

Meneja alikuwa ananiangalia. Kadi inasema "glassy". Nikasema kwa ulimi wangu mwenyewe, kwa nguvu, kwa sababu Mwalimu alinifundisha kwamba neno la woga halisikiki: "Grassy!"

Kwa wasiojua, "grassy" ni yenye nyasi.

Yule mama akageuka. "Grassy?" Nikadhani hakusikia, nikamwongezea, "Very, very grassy." Meneja akaruka, "Glassy! Anamaanisha glassy, kama kioo!" Mama mwenye mvi aliangalia magugu kulia, akayaangalia kushoto, akamwangalia ndege mmoja aliyekuwa anapita kwa miguu mbele ya boti yetu. Akasema taratibu kwamba anavyoona yeye, bibi huyu amesema sawasawa. Kijana akaandika. Odhiambo alikuwa bado kichwa chini, lakini mgongo wake ulikuwa unatikisika kwa kicheko.

Nawaomba muelewe nilichojifunza pale. Nilikuwa nimekosea, na kosa langu lilikuwa kweli kuliko kadi. Tangu siku ile niliacha kuuogopa ulimi wangu.

Meneja hakucheka. Jioni aliniita kando. "Bhoke, umeniaibisha. Kesho kwa ile ukuta nataka primitive, na uiseme poa. Hiyo haina L."

Ni kweli haikuwa na L. Lilikuwa kati ya maneno machache magumu ya kadi nzima ambayo ningeyatamka bila kuteleza, na ndilo nililokuwa nimekatazwa na moyo. Nilicheka peke yangu njiani.

Kesho yake tulikwenda Thimlich na gari la loji. Kama hamjafika, aibu ni yenu, maana wageni wanavuka bahari kufika. Ni kuta ndefu za mawe, nyingine zinampita mtu mrefu, zimejengwa bila udongo wala saruji, jiwe juu ya jiwe, na zimesimama mamia ya miaka. Milango ni mifupi makusudi. Ukitaka kuingia ni lazima uiname, na ukiinama umeshampa mwenye nyumba kisogo chako aamue akufanye nini. Kwa Kijaluo boma la mawe namna hii ni ohinga.

Nilimkuta fundi Opiyo anarudishia kipande cha ukuta kilichobomoka. Nilikuwa namjua. Alishanifundisha kwamba mawe yale hayapangwi, yanaumana: unageuza jiwe mkononi mpaka upate jino lake, halafu unalipeleka kwenye pengo linalolitaka. Nikahesabu hadi ishirini. Meneja akakohoa. Nikahesabu ishirini nyingine.

Halafu nikamwomba Opiyo ampe yule kijana wa daftari jiwe moja aliweke. Akaliweka, likaanguka. Akaligeuza, likaanguka tena na mengine mawili. Mara ya tatu alivua miwani. Opiyo akalichukua, akalizungusha mara moja, akalichomeka, akalipiga kiganja. "Sasa vuta," akamwambia. Kijana akavuta kwa mikono miwili. Halikutikisika.

Ndipo niliposema. Nilisema kwa Kiingereza changu cha R, nikiwa nimeishika kadi juu waione: "Kadi ya loji yetu inasema kuta hizi ni 'primitive'. Hilo sisemi. Mmejaribu wenyewe na mmeshindwa. Mimi nasema ukuta huu ni 'stubborn'."

"Stubborn" ni mkaidi. Nilikuwa nimelitafuta usiku kucha kwenye Kikuria, nikapitia majina ya ng'ombe wanaokataa kamba, nikavuka nalo Kiswahili, ndipo nikafika. Na halina L.

Tulipofika loji nilivua beji kabla hajaiomba, nikaiweka mezani pamoja na kadi. Akasema, "Bhoke, si ungesema tu. Ni neno moja." Nikamwambia kama ni neno moja tu, yeye ndiye angeliacha. Nililia nilipofika kwa Odhiambo, si pale. Msione haya kulia, ila mchague mahali.

Miezi minane nilikaanga mandazi Isebania, karibu na mahali malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Sirare, upande wa Tanzania. Nyangi alirudi nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, na alinitazama kwa macho ambayo sikuyapenda. Siku moja aliniuliza, "Mama, ungesema tu hiyo kitu, ungekufa?" Nilimwambia aangalie mikono yangu ikikanda unga, akaniambia nakanda kama mtu anayempiga mwingine. Hilo nikaliandika kwenye ukurasa wa ngozi.

Halafu meneja akapiga simu. Yule mama mwenye mvi alikuwa ameandika kwamba kundi la kwanza litakuja, wanataka mwongozaji wa ziwa la nyasi. Nilimwacha azungumze mpaka mwisho. Nikamwambia nitarudi siku ambayo ile kadi haitaning'inia kwenye shingo ya mtu yeyote, si yangu peke yangu. "Sawa, Mama Bhoke," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama.

Sasa msije mkadhani haki hushinda hivyo kila siku. Nilibahatika. Odhiambo naye aliwahi kukataa jambo mahali pengine na hakuna aliyemwandikia barua. Lakini hata kama ningekuwa bado nauza mandazi mpaka leo, ukuta wa Thimlich ungekuwa bado mkaidi, na mimi ningekuwa bado nasema hivyo kwa madereva wa malori.

Nimalizie na siku yangu ya mwisho kazini, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikatae ombi lako, Achieng'.

Odhiambo alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao. Nahodha mpya alikuwa kijana mzuri, lakini hakujua mchezo wetu. Tuliondoka gatini mapema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi upepo ulikuwa umeyaondoa magugu yote. Ziwa lilikuwa limelala bila mkunjo. Nilitazama, na neno likaja lenyewe. Lile la kwenye kadi. Kwenye kadi lilikuwa uongo, na asubuhi ile lilikuwa kweli tupu.

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nyuma hapakuwa na wa kuniazima L. Ningesema nilivyozoea, wageni wangetafuta nyasi, na nyasi hazikuwepo. Niliwahi kupoteza kazi kwa kukataa kusema kitu ambacho hakipo. Nisingeweza kukisema siku ya mwisho kwa sababu tu sasa kilikuwa kinywani mwangu mwenyewe. Iliniuma, nawaambia ukweli. Miaka ishirini na sita, na neno moja dogo lilikuwa bado linanigomea.

Nikamfanyia nahodha ishara azime injini. Nikanyoosha mkono nikaonyesha kilima cha Asego, kimesimama juu ya mji. Halafu nikaushusha mkono polepole mpaka majini, nikaonyesha Asego wa pili, amesimama kwa kichwa, na miti yake yote, na ndege anayempita tumboni. Nikaanza kuhesabu.

Nilifika kumi na saba. Mzee mmoja aliyekaa mbele, ambaye tangu atoke gatini alikuwa akihangaika na kamera yake, aliiweka magotini akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye peke yake: "Glassy."

"Yes," nikamwambia. "You have said it."

Kwa hiyo hamsini sina, Achieng'. Kesho asubuhi shuka gatini, uliangalie ziwa mpaka miguu ikuume, ulitafutie neno kwa Kijaluo cha mama yako. Uniletee moja.